Likizo ya mfanyakazi wa siku tatu kwa wiki: siku 28 zinahesabiwaje?

Wiki zilizopita tulihangaika na viwavijeshi kwenye mahindi. Leo tunaweka bomba la dawa chini, tunashika kalamu na daftari. Somo linahusu watu, si mimea: likizo ya mwaka ya mfanyakazi ambaye haji shambani kila siku, au anakuja kila siku lakini kwa saa chache tu.

Nimelazimika kuliandika maana maswali yamezidi. Mama mmoja mfugaji aliniuliza: "Bwana shamba, mkamuaji wangu anakuja asubuhi tu, saa tatu anaondoka. Naye ana likizo?" Mwingine ana kijana wa kumwagilia nyanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kijana kamwambia anadai siku 28. Mkulima kapiga hesabu ya haraka: siku 28 mara shilingi 10,000, jumla 280,000. Kashika kichwa. "Huyu si atanimaliza?" Na kutoka upande wa pili, mwagiliaji wa shamba lingine alinipigia simu akasema bosi wake kamjibu kwamba likizo ni ya walioajiriwa, yeye ni kibarua tu.

Hao watatu wote jibu lao ni moja, na wala si gumu. Lakini lisipojulikana linaleta hasara pande zote mbili. Mfanyakazi anakosa haki yake, au anadai kisichokuwa chake na anaonekana mkorofi. Mkulima naye anapoteza mtu mzuri aliyezoeana na ng'ombe wake kwa miaka mitatu, kwa ugomvi wa fedha ambazo zingeisha kwa hesabu ya dakika tano. Nimeona mabanda yakishuka maziwa nusu kwa sababu mkamuaji kaondoka kwa hasira. Huo ugonjwa hauna chanjo.

Ninayoandika hapa ni ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wasomaji wangu wa Unguja na Pemba, ninyi mna sheria yenu ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo msiichukue hesabu hii kama ilivyo.

KIBARUA NI NANI?

Neno "kibarua" linatudanganya sana. Mtu anaitwa kibarua mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, ana ufunguo wa stoo, anajua ng'ombe yupi anapiga teke, na bado anaitwa kibarua. Halafu kuna lile jina "kijana wa ng'ombe", ambaye ukimwona ana wajukuu.

Sheria haiangalii jina ulilompa. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, ina kifungu cha 61 kinachotaja dalili za kumtambua mfanyakazi. Je, wewe ndiye unayempangia namna ya kufanya kazi? Wewe ndiye unayempangia saa? Vifaa ni vyako, yaani ndoo, jembe, bomba? Anakutegemea wewe kwa kipato chake? Anafanya kwako tu? Kisha kuna dalili moja ya namba ambayo wakulima wengi hawaijui: kama kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi. Ikiwepo hata dalili moja tu kati ya hizo, anachukuliwa kuwa mfanyakazi wako mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

Saa 45 kwa mwezi ni chache kuliko unavyodhani. Mtu anayekuja siku mbili kwa wiki, saa sita kila siku, anafanya saa 12 kwa wiki. Mwezi una wiki 4.333, basi ni saa 52. Kapita. Mkamuaji wa yule mama, saa tatu kila asubuhi kwa siku sita, ni saa 18 kwa wiki, ambazo ni 78 kwa mwezi. Kapita mbali.

Ambaye si mfanyakazi wako ni kama yule mwenye trekta anayekuja kulima ekari zako kwa bei mliyopatana, kesho yuko kwa jirani. Au yule mwenye bomba lake na dawa zake anayezunguka kijiji kizima kupiga dawa. Hao ni wafanyabiashara kama wewe, wana kazi yao na hasara yao. Likizo wanajipa wenyewe.

SIKU 28 NI SIKU GANI?

Hapa ndipo penye mzizi wa ugomvi wote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifungu cha 31 kinasema mfanyakazi apewe likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo, na mzunguko ni miezi 12. Hakisemi "mfanyakazi wa kutwa". Hakisemi "anayekuja siku sita". Anayekuja siku moja kwa wiki na anayekuja siku sita, wote ni siku 28. Sasa shika neno "mfululizo". Maana yake ni siku za kalenda, zikifuatana, Jumapili zikiwemo, na sikukuu zikiangukia humo nazo zimo. Siku 28 mfululizo ni wiki nne kamili. Basi.

Na malipo? Sheria inasema umlipe, kabla hajaondoka, kile ambacho angelipwa kama angekuwa kazini katika kipindi hicho. Rudia tena hiyo sentensi: kile ambacho angelipwa kama angekuwa kazini. Kijana wa nyanya, katika wiki nne, angekuja mara ngapi? Jumatatu nne, Jumatano nne, Ijumaa nne. Mara 12. Kwa shilingi 10,000 kwa siku, malipo yake ya likizo ni 120,000. Siyo 280,000. Na siyo sifuri.

Huna haja hata ya kufungua kalenda. Wiki nne zikianza siku yoyote ile, kila siku ya wiki inaingia mara nne kamili. Kwa hiyo chukua siku anazokuja kwa wiki, zidisha kwa nne. Anayekuja siku mbili analipwa siku 8. Siku tatu, 12. Siku tano, 20. Siku sita, 24.

Tugeukie mkamuaji wa asubuhi. Anakuja siku sita, analipwa 5,000 kwa asubuhi moja. Likizo yake ni wiki nne, zenye siku 24 za kazi, malipo 120,000. Usiseme "anafanya nusu siku, kwa hiyo nampa nusu ya likizo". Hiyo nusu tayari imo ndani ya ile 5,000. Ukikata siku tena, umekata mara mbili.

Kukata mara mbili ndiko kosa ninalokutana nalo zaidi kwa wakulima waaminifu, wale wanaojaribu kufanya haki na wanakosea njiani. Mmoja alinionyesha hesabu yake akiwa na fahari kabisa: kijana anakuja siku tatu kati ya sita, hivyo ni nusu ya mfanyakazi kamili, hivyo likizo ni siku 14. Hadi hapo unaweza kudhani kapatia. Kisha akazihesabu hizo 14 kama siku za kalenda, wiki mbili, ambamo kijana angekuja mara sita, akamlipa siku sita. Haki yake ilikuwa 12. Kagawa kwa mbili kwenye siku, halafu kalenda ikamgawia tena kwa mbili.

Kama unamlipa kwa mwezi, mambo ni mepesi zaidi. Akiwa likizo anapata mshahara wake wa kawaida, hukati kitu. Tofauti ni kwamba unampa mapema, kabla hajapanda basi, si mwisho wa mwezi akiwa kwao huko hana nauli ya kurudi.

KUMI NA TATU

Sasa vipi kwa mtu ambaye siku zake hazina mpangilio? Wiki hii siku nne, wiki ijayo moja, mwezi mzima wa kiangazi hakuna. Huyu huwezi kumzidishia kwa nne.

Sheria ina kipimo, kipo katika kifungu hichohicho cha 31, kwa ajili ya kukokotoa malipo ya likizo iliyolimbikizwa pale kazi inapokoma au msimu unapoisha: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Namba 13 inaonekana kama imeokotwa tu, lakini haikuokotwa. Mwaka una wiki 52, likizo ni wiki nne, na 52 ukigawa kwa 4 unapata 13. Kwa hiyo moja ya kumi na tatu ni zile wiki nne zilezile, zimegeuzwa kuwa kipimo cha debe badala ya gunia.

Jaribu uone. Anayekuja siku sita anafanya siku 312 kwa mwaka. Gawa kwa 13: siku 24. Anayekuja siku tatu, 156, gawa kwa 13: siku 12. Namba zilezile za juu. Ndiyo maana nasema kama unakumbuka kitu kimoja tu kwenye somo hili, ikumbuke 13. Mtu wa siku nyingi anapata nyingi, wa siku chache chache, na hakuna anayepunjwa.

Angalia maneno "au alizostahili kufanya kazi". Siku ambayo ratiba yake inasema aje, akaja, wewe ukamwambia "leo mvua imenyesha, hakuna kumwagilia, rudi nyumbani", mimi naihesabu. Alistahili kufanya kazi, wewe ndiye uliyemrudisha.

Gawio likileta desimali, iache. Siku 100 kwa 13 ni 7.69. Zidisha 7.69 kwa ujira wa siku, ulipe. Wapo wanaokata mkia wakabaki na 7. Ule mkia nao ni jasho la mtu.

Na tahadhari kwa wanaopenda kukokotoa kwa simu. Mtandaoni vikokotoo vya likizo ya wafanyakazi wa muda ni vingi, vingi vyake vya Uingereza, ambako likizo ni wiki 5.6, na vinakupa asilimia 12.07. Kenya nayo sheria yake inataja siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukichukua namba za huko ukaleta Njombe, umepanda mbegu ya ukanda mwingine.

MIEZI SITA, NA WALE WA KUITWA NA KURUDI

Kuna sharti moja. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Hapa wakulima wengi huchangamka: "Basi mimi simwajiri mtu zaidi ya miezi minne!" Subiri kwanza. Sheria iliwaona.

Kwanza, miezi sita ni ya utumishi, si ya siku za kazi. Mwagiliaji wa siku tatu kwa wiki aliyeanza Januari, ikifika Julai ana miezi sita, hata kama siku alizokanyaga shamba ni 78 tu. Usimwambie "jumlisha siku zako zifike 180 ndipo tuongee".

Pili, mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo ya malipo hata kama msimu haukufika miezi sita. Msimu ukiisha, unamlipa sehemu yake kwa ile kanuni ya 13. Wenye kahawa Mbozi na Mbinga, hili ni lenu.

Tatu, mtu anayeitwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yuleyule, kila mara chini ya miezi sita. Sheria inasema vipindi vijumlishwe. Vikizidi miezi sita katika mwaka huo, ana haki. Chukua mfano wa mama aliyekuja kupalilia Januari hadi Machi, akaondoka, ukamwita tena kuvuna Juni hadi Septemba. Miezi mitatu na miezi minne, saba. Daftari linasema palizi alifanya siku 52 na mavuno siku 78, jumla 130. Gawa kwa 13, siku 10. Kwa 10,000 kwa siku, anadai 100,000. Ndiyo, huyo unayemwita kibarua wa palizi.

ANAYELIPWA KWA DEBE AU KWA NGWE

Mvunaji wa kahawa halipwi kwa siku, analipwa kwa debe. Mpaliliaji analipwa kwa ngwe. Siku yake ni shilingi ngapi? Leo kavuna madebe matano, jana mawili kwa sababu mtoto aliugua.

Jibu ni wastani. Kwa mtu asiyelipwa kwa muda, sheria inamhesabu kana kwamba analipwa kwa wiki, na wiki yake inapatikana kwa kuangalia alichopata katika wiki 13 zilizopita, au muda wote aliokaa kama haujafika wiki 13. Namba yetu imerudi tena, ila sasa ni wiki, usichanganye.

Tuseme amevuna wiki 13, siku tano kila wiki, siku 65, na madebe yote kwa jumla yamemwingizia 780,000. Wiki moja ni 780,000 gawa kwa 13, sawa na 60,000. Siku moja ni 60,000 gawa kwa tano, 12,000. Siku za likizo ni 65 gawa kwa 13, yaani 5. Tano mara 12,000 ni 60,000. Hiyo unamlipa msimu unapofungwa, pamoja na malipo ya madebe yake ya mwisho.

Umeona njia ya mkato? Ukichukua 780,000 moja kwa moja ukagawa kwa 13 unapata 60,000 ileile. Kwa mvunaji ambaye bei ya debe haikubadilika katikati ya msimu, hesabu nzima ni hiyo: jumla aliyopata, gawa kwa 13. Hata kwenye kikokotoo cha simu ya batani inawezekana.

Hapa kuna ujanja mmoja nauona unaenea, nao siupendi. Mkulima anasema: "Mimi ujira wangu una likizo ndani yake, nimeongeza kidogo kwenye siku, kwa hiyo hakuna kupumzika wala kudai." Kwa mvunaji wa msimu anayeondoka, ungalipe hiyo sehemu yake kando, iandikwe kando, aione. Kwa mkamuaji wa mwaka mzima haifai kabisa. Likizo ni kupumzika. Sheria inakataza kumfanyisha kazi akiwa likizo, na huwezi kuendelea kununua mapumziko yake mwaka baada ya mwaka. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kila siku kwa miaka bila wiki moja ya kulala anaanza kukosea: hafui kitambaa cha kufutia kiwele, haangalii maziwa ya mwanzo. Gharama ya dawa ya ugonjwa wa kiwele unaijua wewe.

ANAPOACHA KAZI

Hapa ndipo fedha hudaiwa kwa sauti ya juu. Mfanyakazi akiondoka, kwa hiari yake au la, ile likizo aliyoichuma ambayo hajaichukua inalipwa kwa kanuni ya 13.

Mfano: kijana alianza kwako Januari akija siku sita kwa wiki. Baada ya wiki 26 maji yakapungua, mkakubaliana aje siku tatu. Akafanya hivyo wiki 26 nyingine, akaondoka, likizo hajachukua. Siku zake ni 156 na 78, jumla 234. Gawa kwa 13: siku 18. Angalia kwamba hapa ile njia ya kuzidisha kwa nne ingekupotosha. Ukitumia ratiba ya mwisho ungempa 12, ukitumia ya mwanzo ungempa 24. Daftari ndilo linalosema kweli.

Lakini likizo nayo haikai milele kama mbao. Mwajiri ndiye anayepanga lini itachukuliwa, ila isizidi miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Inaweza kusogea hadi miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia na kazi kweli inalazimisha. Ambayo haikuchukuliwa katika muda huo, sheria inasema mfanyakazi hana haki ya kudai malipo yake ya uwiano. Nawaambia hili wafanyakazi wanaosoma hapa: usilimbikize likizo ukidhani unaweka akiba benki. Omba, na uombe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ubaki na ushahidi. Na mkulima usiitumie kama mtego, kumnyima mtu likizo hadi muda upite halafu ukamwambia imeoza. Ukifika mezani kwa msuluhishi utaulizwa ni nani aliyekuwa na wajibu wa kupanga, na jibu unalijua.

Mezani kwa msuluhishi ni pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwemo madai ya likizo, ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, afisa kazi anaweza kuwapigia hesabu wote wawili, na mara nyingi inaishia hapo.

DAFTARI

Nitalisema kwa kifupi maana nimelisema kwenye masomo ya kumbukumbu za shamba mpaka mmechoka. Daftari moja la mistari. Tarehe, jina, saa aliyoingia, saa aliyotoka, ujira wa siku au idadi ya madebe, saini yake au dole gumba. Siku uliyomrudisha, iandike na sababu. Likizo ikitolewa, andika kuanzia lini hadi lini na kiasi ulicholipa, asaini kabla hajaondoka. Mfanyakazi naye awe na lake. Nimewahi kuwaona watu wawili wakibishana kama mavuno yalikuwa siku 60 au 90, na wote wawili walikuwa wanaamini wanachosema.

LINI UMPE?

Kwa kuwa kupanga ni kazi yako, panga kama mkulima. Mwagiliaji wa nyanya mpe akimaliza mchumo wa mwisho, kabla kitalu kipya hakijasiwa. Mtu wa kahawa wa kudumu, baada ya mavuno, usimtoe katikati ya kupogolea kama ndiye mwenye mkono wa kazi hiyo.

Mkamuaji ndiye mgumu, kwa sababu ng'ombe hana Jumapili. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili, wakati mzuri ni ule wa kumkausha. Ng'ombe anapaswa kupumzishwa kukamuliwa siku kama 60 kabla ya kuzaa, na wiki nne zinaingia humo bila shida. Subiri tu wiki mbili za kwanza za kukausha zipite mkamuaji akiwepo, maana hapo kiwele kinahitaji jicho linalokijua, na awe amerudi wiki mbili kabla ya kuzaa. Wiki nne katikati ni zake. Pasiwepo kuvuta siku wala kumwita "njoo kesho kidogo tu".

Mwenye ng'ombe wengi wanaopokezana kuzaa hatapata nafasi hiyo, atahitaji mtu wa kushika. Usimlete siku ileile mwenzake anapoondoka. Ng'ombe akiguswa na mkono mgeni huzuia maziwa, na maziwa yanayobaki kwenye kiwele ni mwaliko wa ugonjwa. Mtu wa kushika aje wiki moja kabla, siku za kwanza awe anaosha kiwele tu huku mwenzake anakamua, kisha wabadilishane. Utalipa watu wawili kwa wiki hiyo, na wiki nne zinazofuata utalipa wa kushika huku wa likizo ameshalipwa.

Najua unachowaza: fedha itoke wapi? Itoke kidogo kidogo. Likizo ya yule mkamuaji wa 5,000 ni 120,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, ni kama shilingi 330 kwa siku. Iweke kwenye gharama za uzalishaji pale unapoweka pumba, madini na dawa ya kupe. Wafugaji wengi hupanga bei ya maziwa bila kuihesabu, halafu ikifika siku ya kulipa inaonekana kama faini. Wenye wafanyakazi wa siku zisizo na mpangilio, kila unapolipa, gawa ulicholipa kwa 13, kiasi hicho kitenge kwenye simu, laini ambayo hutumii kununulia vocha.

Na yule wa kushika? Wiki tano kwako hazimpi likizo ya malipo, si wa msimu na hajafika miezi sita. Lakini ukimwita tena mwezi wa kupanda, na tena wa kuvuna, ndani ya mwaka huohuo, mwandike kwenye daftari tangu siku ya kwanza aliyoosha kiwele. Miezi yake nayo imeanza kujumlishwa.